Viganja Viwili Ukutani mwa Ghala

Jana usiku umeme ulipokatika, binti yangu aliitoa darubini ya joto kwenye mkoba wake, ile ambayo chama chetu cha wakulima wa kahawa kiliniuzia baada ya kujenga uzio, akaanza kuizungusha sebuleni kama anavyofanya kila anapopata nafasi. Kwanza aliielekeza dirishani akitaka kuwaona ng'ombe zizini, akalalamika kwamba anajiona yeye mwenyewe tu. Nikamweleza kwa mara nyingine kwamba kioo cha dirisha hakipitishi joto la aina hiyo, na ndiyo maana hata lenzi ya chombo hicho haikutengenezwa kwa kioo cha kawaida bali kwa jermaniamu. Hakunisikiliza. Aliegemeza kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda, akakiondoa, kisha akaita kwa sauti: "Baba, njoo uone! Mkono wangu umebaki!"

Nilitazama. Kiganja cha mtoto wa miaka tisa kilikuwa kimebaki ukutani, cheupe juu ya kijivu, vidole vyote vitano vimetanuka. Nilimrudishia darubini yake bila kusema neno, kwa sababu alama ya ukubwa huo nilikwisha kuiona siku za nyuma kule Mbozi, usiku mmoja wa mwezi wa saba, nilipokuwa zamu na Mzee, mlinzi wa chama.

Asiyewahi kulima kahawa hawezi kujua jinsi mwezi wa saba unavyomnyima mkulima usingizi. Kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa hulala kwenye vichanja kwa takriban wiki mbili, inageuzwageuzwa mchana na kufunikwa turubai usiku, na kwa majuma hayo yote ada za watoto, madeni ya mbolea na mabati ya nyumba mpya huwa vimelazwa nje, kwenye baridi, chini ya kitambaa. Tulikuwa tumeibiwa misimu miwili mfululizo. Tochi haikutusaidia, kwa maana mwizi huiona tochi kabla tochi haijamwona yeye.

Darubini ile ilitupa macho ambayo hatukuwa nayo. Haihitaji mbalamwezi wala nyota. Inapokea joto linalotoka kwenye kila kitu na kulichora kwa vidoa vidogo, 384 kwa upana na 288 kwa kimo, ambavyo ni vichache kuliko vya kamera ya simu yoyote. Tulichukua muda kujifunza kuisoma. Saa za mwanzo wa usiku mawe na sakafu za saruji bado huwa na jua la mchana ndani yake, na picha hujaa mng'ao usio na maana. Lakini ardhi ikishapoa, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, hata panya huonekana kama kaa la moto. Ukungu mzito huipunguzia nguvu, na turubai huficha kila kilicho nyuma yake.

Usiku huo, yapata saa tisa, niliona umbo jeupe likipita kati ya kichanja cha tatu na cha nne.

"Katibu, kuna kitu?" Mzee aliniuliza kwa kunong'ona. Alikuwa na umri wa baba yangu, lakini hakuacha kuniita kwa cheo.

"Kuna mtu, Mzee."

"Ni nani?"

Swali hilo darubini haikuweza kulijibu. Kugundua kwamba kuna kitu chenye joto ni jambo moja, kutambua kwamba kitu hicho ni binadamu ni jambo la pili, na kumjua ni nani ni jambo la tatu kabisa. Kwa umbali ule sisi tulikuwa tumefika kwenye la pili tu. Umbo halikuwa na uso. Liliinama nyuma ya turubai, likatoweka.

Tulikwenda bila kuwasha tochi, Mzee akiwa na rungu lake, mimi nikiwa na darubini kifuani. Tulipokaribia kona ya ghala, chombo kilitoa ule mlio wake mdogo, kama mtu anayegonga kucha mezani, ambao hutoka kila baada ya dakika chache kinapojirekebisha. Papo hapo tukasikia miguu ikikimbia upande wa pili wa ukuta. Mzee alifuata sauti. Mimi nilizunguka kona, nikainua darubini, nikaielekeza ukutani.

Palikuwa na viganja viwili. Vilikuwa chini ya usawa wa kifua changu, vimebanwa kwenye lipu baridi, na vilikuwa vimetulia hapo muda mrefu, kwa kuwa kingo za kila kidole zilionekana waziwazi. Kati yake, juu kidogo, palikuwa na doa la mviringo lililofifia, na ilinichukua muda kufahamu kwamba lilikuwa shavu. Alikuwa amejibana ukutani akisikiliza hatua zetu, uso wake ameulaza kwenye lipu, akisubiri tupite. Nilinyoosha mkono wangu mbele ya lenzi, nikaulinganisha na ule wa ukutani. Haukufika nusu yangu. Darubini ikalia tena, picha ikaganda kwa kitambo kidogo, na iliporudi ncha za vidole zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Shavu lilipotea kwanza, kisha vidole, na mwisho kabisa kile kiini cha kiganja, kikawa kama sarafu, kikaisha. Kwenye saruji chini yake kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, ndogo, zikielekea kwenye mabanda ya vibarua, na zenyewe zilikuwa zikifutika nikiwa nazitazama.

Mzee alirudi akihema. "Unaona nini, Katibu?"

"Sioni kitu, Mzee."

Msimu uliotangulia nilikuwa nimeona kilichompata kijana aliyekamatwa na debe la kahawa, kabla watu wazima wenye busara hawajafika. Katika mabanda yale nilikuwa nawafahamu watoto wanne au watano wa umri huo, ambao mama zao walikuwa wakichuma kwa malipo ya debe. Kama ningesema "mtoto" na "mabanda", asubuhi hiyo ingejua yenyewe la kufanya.

Kulipokucha tulikuta kichanja cha nne kimechotwa kama debe moja. Kwenye kikao nilieleza kwamba nilimwona mtu lakini sikumtambua, na kila neno lilikuwa la kweli, kwa kuwa darubini kweli haikunionyesha sura. Wanachama waliamua hasara ikatwe kwenye mshahara wa mlinzi, shilingi 40,000. Nilipinga, lakini nilipinga kama mtu asiye na la kuongeza, na hoja yangu haikupita. Mzee hakusema kitu. Alisaini karatasi kwa kidole gumba.

Mwisho wa msimu nilimpelekea kiasi hicho hicho, nikamwambia ni shukrani yangu binafsi kwa kazi aliyoifanya. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akaniombea baraka kwa Kinyiha, maombi marefu, yeye na mkewe wakiwa wamesimama. Baraka zile hazijawahi kutulia moyoni mwangu. Nimewahi kurudi kwake mara mbili nikiwa nimedhamiria kumweleza yote, na mara zote mbili tumezungumzia mvua na bei ya kahawa mpaka nikaaga. Sijui kama ningemweleza ili yeye apate haki yake, au ili mimi nilale. Wala sijui yule mtoto aliambiwa nini na mama yake alipoingia na kahawa ile, kama ilikuwa ni kwa mama yake aliipeleka.

"Baba, huwa inakaa muda gani?" binti yangu aliniuliza jana, macho yake yakiwa bado kwenye darubini.

Nilimwambia ahesabu. Aliegemeza kiganja tena, akakiondoa, akaanza kuhesabu kwa sauti gizani, na mimi nikiwa nimekaa nyuma yake nikimsikiliza. Alipofika hamsini na mbili alisema vidole vimekwisha, kimebaki kile cha katikati tu, akaendelea.