Kuwa shangazi wa njiti ukiwa mbali

Sisi tulio nje tuna kaugonjwa ketu. Likitokea jambo nyumbani tunatuma hela halafu tunaanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe hayaishi maana hatuoni kitu kwa macho yetu, kwa hiyo tunataka tuonyeshwe kila kitu kwenye simu. Kwenye mambo mengine hiyo inapita tu. Ila kwa wazazi ambao mtoto wao njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, yuko kwenye inkubeta, ile mashine ya kumtunzia joto, yale maswali ni kazi nyingine unawaongezea, na hela yako haiifuti.

Wifi angu alijifungua wiki ya 30. Mimba inahesabiwa imetimia kuanzia wiki ya 37, kwa hiyo mtoto alikuja mapema kweli, kilo moja na robo hivi. Habari ilivyofika kwenye grupu la familia watu wakawa hawajui waseme hongera au waseme pole, wengine wakanyamaza kabisa. Jamani semeni hongera! Mtoto kazaliwa, ana wazazi wake, pole zitafuata tu na zitakuwa nyingi. Na msiseme "atakuwa sawa, usijali", kwa sababu hujui na wao hawajui na hata daktari siku zile za mwanzo hathubutu kusema hivo. Mwambie tu nipo, nakuwaza, usijisumbue kunijibu. Hilo la usijisumbue kunijibu ndo la muhimu kuliko yote na uwe unalimaanisha, sio siku ya pili unauliza mbona kimya.

Mimi nilimwomba kaka angu kitu kimoja, kwamba anitumie mimi tu habari, akipata muda, hata mstari mmoja, halafu mimi ndo niwape wengine wote. Basi kila anayetaka kujua anapiga kwangu. Shangazi zetu, majirani, watu wa kazini kwake, wote kwangu. Hiyo kazi mtu wa mbali anaiweza vizuri kabisa, haihitaji viza. Na nikawaeleza maswali matatu ya kutouliza. La kwanza kilo. Watoto hawa siku za mwanzo wanapungua uzito, ni kawaida, wanaweza kuchukua wiki mbili hivi ndo warudi pale walipozaliwa nao, sasa ukimuuliza mama kila siku "ameongezeka?" unamfanya ajibu hapana kila siku. La pili picha. Mtoto ana mrija puani, ana plasta usoni, ana nyaya kifuani, kama wazazi wanataka uone watakutumia, na wakikutumia ni yako wewe, usikute kesho iko kwenye stetasi ya mtu. La tatu anatoka lini. Madaktari wengi wanawaambia wazazi wahesabu karibu na ile tarehe ambayo angezaliwa kama mimba ingetimia, ila mtoto mwenyewe ndo anayeamua, lazima ajue kutunza joto lake nje ya inkubeta, anyonye mwenyewe, aongezeke uzito, na asisahau kupumua.

Hilo la kusahau kupumua linatisha ukilisikia mara ya kwanza. Yaani ubongo haujakomaa, mtoto anapumua vizuri halafu anasimama kidogo, mashine inapiga kelele, nesi anamgusagusa mguu anaendelea. Kaka angu alivyonisimulia alikuwa anatetemeka. Nikamwuliza wanampa dawa gani, akasema kafeini, hiyo hiyo ya kwenye kahawa, ndo inayoamsha ubongo usisahau. Akacheka, eti mtoto wangu anakunywa kahawa kabla hajaonja maziwa. Nilifurahi kumsikia anacheka kuliko chochote wiki ile.

Na huyu baba naye mumuulize hali jamani. Kila mtu mama anaendeleaje, mtoto anaendeleaje, huku yeye ndo anakimbia kati ya wodi na kazini na kwenda kutafuta kile daktari alichoandika, halafu usiku yuko peke yake kwenye nyumba yenye kitanda cha mtoto kitupu.

Kuhusu hela, tuma kama unayo lakini itaje kazi yake. "Hii ni ya nauli ya kwenda hospitali na kurudi", "hii ni ya wewe wifi kula". Wakipewa hela isiyo na jina yote inaenda kwenye bili na mama anashinda na njaa, wakati yeye anakamua maziwa mara nane au zaidi kwa siku, usiku na mchana, ili yapitishwe kwenye mrija, kwa sababu mtoto mpaka afike kama wiki ya 34, ukihesabu na zile za tumboni, ndo anaanza kuweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Hapa ndo tofauti ya masaa ikageuka faida. Saa tisa usiku kwao anaamka kukamua, huku nilipo ndo natoka kazini, nyumba yote kwao imelala ila shangazi yupo macho. Hatukuwa tunaongea ya hospitali hata. Tulikuwa tunasengenya tu watu, akimaliza chupa anakata simu.

Kitu kingine, punguza "huku majuu wanafanya hivi". Najua unatafuta mtandaoni usiku kucha, na mimi nilitafuta. Ila mama akisikia kwamba kuna mahali mtoto wake angepata mashine nzuri zaidi atafanya nini na hiyo habari? Mara moja tu niliingilia, pale watu walipoanza kumwambia kaka kwamba kumweka mtoto kifuani, ile kangaroo, ni ya hospitali zisizo na inkubeta. Ni kweli ilianzia kwenye uhaba, mwaka 1978 kule Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta akawapa mama zao wawabebe ngozi kwa ngozi. Lakini utafiti uliotoka 2021, uliofanyika nchi tano na Tanzania ikiwemo, ulionyesha watoto wadogo hivi wakiwekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vinapungua kwa robo hivi wakilinganishwa na wanaosubirishwa, na 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, sasa linasema kuanzia masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Nikamtumia kwa sauti, basi. Na baba anaweza kumbeba vilevile, kaka alikuwa anapeana zamu na mkewe. Mtu akiwa na mtoto kifuani masaa yote hayo hawezi kuchati, mikono imejaa, kwa hiyo nikawa natuma voisi ndefu ndefu za upuuzi wangu, wanasikiliza kwa sikio moja.

Siku wakiruhusiwa watu wote wanapumua, grupu linajaa keki na maua, halafu kimya. Kumbe wazazi ndo wameanza kuogopa upya, maana mashine iliyokuwa inapiga kelele imebaki hospitali na sasa wanamwangalia mtoto kifua usiku kucha kama kinapanda. Hapo usipotee. Na kama kuna wageni wanataka kumiminika, ubaya uchukue wewe. Mimi ndo niliandika kwenye grupu kwamba mwenye mafua au kikohozi asiende, mikono inaoshwa mlangoni, anayevuta sigara asimbebe, na kubusu hakuna. Mama mkubwa mmoja alininunia mpaka leo. Aninunie tu, mimi niko mbali hawezi kunifanya kitu, wifi angesema yeye angeishi nalo mtaani kila siku.

Sasa hivi vita ni ya kulinganishwa. Mtoto ana miezi minane, hajakaa, na binamu yake wa miezi sita anakaa. Huwa nawaambia mtoeni zile wiki kumi alizowahi, mnapata miezi mitano na nusu hivi, ndo umri wa kupimia kukaa na kutambaa, na mnaendelea kuzitoa mpaka afike kama miaka miwili. Nilikuwa naringa najua hesabu hiyo mpaka nikamwambia wifi hata chanjo basi tuzisogeze mbele. Akanicheka. Chanjo zinaenda na tarehe aliyozaliwa, akasema, shangazi tulia, kadi ninayo mimi.