Kelele Zilizosikika Mbali

Somo: Ezra 3:10–13, Warumi 12:15

Wapendwa, Bwana asifiwe. Msingi wa hekalu la pili ulipowekwa Yerusalemu, wengi walipiga kelele za furaha, lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu. Ezra anasema watu walishindwa kupambanua kelele za furaha na sauti ya kilio, na mvumo wake ukasikika mbali. Hekalu la Sulemani lilikuwa limeteketezwa yapata miaka 50 kabla. Mzee wa miaka 60 aliyesimama pale alikuwa mtoto wa miaka 10 siku ya moto ule. Hakuhadithiwa na mtu.

Shikeni hesabu hiyo, twende nayo Chicago usiku wa tarehe 4 Novemba 2008. Barack Obama ametangazwa kuwa rais wa kwanza mweusi wa Marekani, kwa kura 365 za wajumbe wanaochagua rais dhidi ya 173 za mpinzani wake, John McCain. Katika bustani ya Grant Park vijana wanarukaruka na kukumbatiana. Kati yao amesimama Jesse Jackson, mchungaji na mpigania haki za weusi, kidole kimegusa midomo, machozi yanamtiririka. Mzee huyu alikuwapo Memphis Aprili 1968 Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za weusi, alipouawa.

Toka daraja la Edmund Pettus mjini Selma, jimbo la Alabama, Machi 7, 1965, hadi usiku ule ni miaka 43. Siku ile watu wapatao 600 waliokuwa wakiandamana kudai haki ya kuandikishwa kupiga kura walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25, akapasuliwa fuvu. Kabla ya sheria ya kura iliyotiwa saini Agosti 6 mwaka huohuo, mtu mweusi wa Selma aliyetaka kujiandikisha alikuta ofisi inayofunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Akifanikiwa kuingia, aliulizwa maswali ya katiba, na karani ndiye aliyeamua kama jibu linatosha. Waliopanga foleni ile na kurudishwa nyumbani, wengi wao walikuwa hai mwaka 2008, wana mvi, wameketi mbele ya televisheni. Machozi yao ni yale ya wazee wa Ezra. Anayewaambia, "Mbona mnalia, si mmeshinda?" hajui walichokiona.

Usiku huohuo wengine walilia kwa kushindwa. Karibu watu milioni 60 walimpigia kura McCain, wakiwamo waumini wengi wanaompenda Bwana. Waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba takribani asilimia 95 ya weusi walimchagua Obama, na asilimia 43 ya weupe. Hapo ndipo mazungumzo mengi ya rangi na uchaguzi huharibikia: takwimu moja inageuzwa hati ya mashtaka. Mtu aliyepiga kura kwa sababu ya kodi, vita au utoaji mimba anaitwa mbaguzi, naye anajibu kwa hasira kwamba habari za rangi zilikwisha siku ile, Obama aliposhinda. Yote mawili si kweli. Saa chache tu baada ya matokeo, kanisa la waumini weusi la Macedonia lililokuwa likijengwa Springfield, Massachusetts, lilichomwa moto, na watu watatu weupe wakashtakiwa. Na saa chache kabla ya moto huo, McCain mwenyewe, akikubali kushindwa kule Phoenix, alituliza wafuasi wake waliokuwa wakizomea. Alikumbusha kelele za hasira zilizozuka zamani pale Booker T. Washington, mwelimishaji mweusi, alipoalikwa kula chakula Ikulu, akakiri kwamba ushindi huu una uzito wa pekee kwa Wamarekani weusi. Aliyeshindwa alifurahi pamoja nao wafurahio. Tunauthamini sana mfano huo.

King alikuwa akisema kwamba saa tano asubuhi ya Jumapili ndiyo saa ambayo Wamarekani wametengana kwa rangi kuliko zote. Kwa hiyo wapendwa mlioko ughaibuni, kwenye ushirika wenye weupe, Wamarekani weusi na sisi tuliotoka Afrika, msingoje mazungumzo haya yajitokeze yenyewe kwenye chai baada ya ibada. Yapangeni. Watu 6 hadi 8 wanatosha. Wakizidi 10 wapole hunyamaza. Tengeni dakika 90. Someni Ezra 3 mara mbili kwa sauti, kisha kila mmoja apewe dakika 3 kujibu swali moja: "Uliposikia matokeo, mwili wako ulifanya nini?" Ulilia, ulikosa usingizi, ulizima televisheni? Swali la mwili humzuia mtu kuanza na hoja za chama. Mwenzake akizungumza, hakuna kumkatiza wala kumpa pole ya haraka. Zamu zikiisha ndipo maswali yaulizwe, na yaanze na "nisaidie kuelewa".

Kosa la kwanza hutokea karibu kila mara: mtu anataja uchungu wake, na mwingine anakimbilia kusema, "Katika Kristo sisi sote ni wamoja." Andiko ni la kweli, ila hapo linatumika kufunga mdomo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walipopunjwa katika huduma ya kila siku, Matendo 6, mitume hawakuwajibu kwa mahubiri ya umoja. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia meza, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Kosa la pili ni kumgeuza muumini mmoja mweusi mwalimu wa wote. La tatu ni letu Waafrika: kujiona tumelia machozi yaleyale. Baba yake Obama alitoka Kenya kwenda kusoma. Babu za Wamarekani weusi walipelekwa kwa minyororo. Furaha yetu ni ya jamaa aliyefanikiwa, na ni halali, lakini tusiitumie kuwaeleza wao historia yao.

Tena Wakenya wana la kujichunguza. Rais Kibaki alitangaza Novemba 6, 2008 kuwa sikukuu ya taifa, watu wakacheza Kogelo kwa Mama Sarah, bibi yake Obama wa kambo. Mwaka huohuo, Januari 1, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilikuwa limechomwa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo, katika ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya 1,100. Ukazagaa mzaha kwamba Mjaluo, mtu wa kabila la baba yake Obama, amepata urais Marekani kabla ya kuupata Kenya. Mzaha huo ukitajwa kikundini, kiongozi asicheke akapita. Asimame hapo, amgeukie aliyeutaja, amuulize taratibu: "Ndugu yangu, ndani ya kicheko hicho kuna nini?" Kisha angoje, hata dakika nzima ikipita kimya. Lugha ya rangi ya Marekani tunaimudu. Lugha ya kabila letu ndiyo inayotukwama kooni.

Msimalize kwa kupiga kura ya nani alikuwa sahihi. Dakika 5 za mwisho ziwe za sala, na aombe yule aliyezungumza machache kuliko wote, akiwataja kwa majina waliolia na walioshangilia.