Kamera Mapafuni: Mambo Ambayo Hakuna Aliyeniambia Mapema

Kila aliyesikia kwamba nitaingizwa kamera mapafuni aliuliza jambo lilelile: sasa utapumua vipi? Jirani yangu wa chini aliuliza akiwa ameshika shingo yake mwenyewe. Wifi yangu hakuuliza, aliinuka tu akaenda kuinjika chai. Mimi nami swali hilo lilikuwa limenikwama tangu daktari alipotaja bronkoskopi, ndilo jina la kipimo chenyewe, ila koridoni kulikuwa na msururu wa wagonjwa wanaosubiri, na nilipofungua mdomo nikajikuta nauliza bei.

Basi jibu naliweka hapa juu, maana najua kuna mtu atasoma akiwa na barua ya daktari mkobani. Unapumua. Mpira unaobeba kamera una unene wa milimita 5 au 6 hivi, mwembamba kuliko penseli ya mtoto wa shule, na njia kuu ya hewa ya mtu mzima ina upana wa karibu sentimita 2. Hewa inapita pembeni mwa mpira. Isitoshe, unawekewa oksijeni puani, na kidoleni unabanwa kile kifaa kinachosoma oksijeni ya damu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ningalijua hayo mapema, zile usiku za kugeukageuka kitandani zingalipungua.

Kikohozi changu kilianza na baridi ya Julai. Julai Nairobi nzima inakohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Nikanywa dawa ya duka la dawa, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine. Makohozi yakapimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, hakikuonekana kitu. Lakini kikohozi kilikuwa kikavu, na nilichotema kwenye kile kikopo kilikuwa mate zaidi ya makohozi. Eksirei ikaonyesha kivuli juu upande wa kulia. CT skani ikakubali kwamba kivuli kipo. Picha, hata iwe nzuri vipi, haikwambii kivuli ni cha nini: TB, saratani, kuvu na nimonia iliyogoma kupona vinaweza kuacha alama zinazofanana. Ndipo inapokuja kamera, kuingia hadi pale penyewe na kutoka na kitu cha kupeleka maabara. Jirani alikuwa ameshatoa hukumu yake kwamba ukiona wamefika huko, ujue ni kansa. Watu wengi wanaingizwa kamera wakatoka na jibu lisilo saratani, lakini nenda ukamwambie jirani.

Usiku mmoja, usingizi ulipokataa kabisa, nilisoma mambo haya yalikotoka. Mwaka 1897, Mjerumani mmoja aitwaye Gustav Killian, huko Freiburg, alitumia bomba gumu la chuma kutoa mfupa uliokwama kwenye njia ya hewa ya mgonjwa. Ganzi aliyotumia ilikuwa kokeini. Mpira unaopinda ulikuja miaka ya 1960, kazi ya daktari Mjapani Shigeto Ikeda. Lile bomba gumu halijastaafu. Bado linatumika, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kamili, hasa kwa watoto waliovuta karanga au mbegu zikaingia mapafuni. Nilifunga simu nikiwa na shukrani kubwa kwa Bwana Ikeda.

Nesi alinipigia kabla ya siku yenyewe kuuliza natumia dawa gani. Tukiulizwa hivyo tunataja za presha na za sukari, basi. Ile aspirini ndogo ya kila asubuhi hatuihesabu, wala dawa za miti shamba tulizoletewa na shangazi kutoka nyumbani. Taja zote. Wanachotaka kujua hasa ni kama damu yako inaganda sawasawa, kwa sababu wakikata kipande cha nyama patatoka damu. Aspirini ndogo mara nyingi wanaiacha uendelee nayo. Warfarini na klopidogreli, dawa nyingine za kuzuia damu isigande, ni kesi nyingine, hupangiwa siku za kusimamishwa. Na anayepanga ni daktari, wala si wewe baada ya kusoma blogu ya mtu; aliyewekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo akijisimamishia dawa anaweza kujiletea balaa kubwa kuliko kikohozi. Mwenye sukari naye aulize mapema afanye nini na insulini siku ambayo hatakula. Mwenye pumu aende na pampu yake.

Halafu kuna habari ya chai. Agizo la kawaida ni kutokula chochote kwa saa 6 na kutokunywa hata maji kwa saa 2 za mwisho, ingawa hospitali nyingine husema tangu usiku wa manane usitie kitu kinywani, na la hospitali yako ndilo la kufuata. Tatizo letu ni kwamba chai ya maziwa hatuihesabu kuwa chakula. Asubuhi ile mzee mmoja aliyekuja kutoka mbali, mpole, amevaa koti zuri, aliulizwa kama amekula chochote. Akasema hapana, ila kachai kidogo tu. Maziwa tumboni huhesabiwa pamoja na chakula. Koo likishatiwa ganzi haliwezi kujilinda, na kilicho tumboni kikipanda kinaweza kuteremkia mapafuni. Aliambiwa arudi siku nyingine. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia zaidi kwamba aliyempa maagizo hakusema neno "chai" kwa jina lake. Kwa Mkenya, "usile" haitoshi.

Fomu ya idhini ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo. Nilimwomba daktari anieleze kwa Kiswahili, akakaa chini akaeleza vizuri tu: koo kuuma, homa ya jioni ile, damu kidogo. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo: damu kutoka nyingi, au hewa kuvuja nje ya pafu likasinyaa, hasa wakichukua kipande ndani kabisa kwenye nyama ya pafu. Ndiyo maana aliyekatwa huko ndani mara nyingi hupigwa eksirei kabla ya kuruhusiwa. Nilitia saini nikijua ninachosaini. Usione haya kuomba hivyo. Ni pafu lako.

Rangi ya kucha nilifutiwa na nesi, kwa sababu inaweza kukivuruga kile kifaa cha kidoleni. Dada aliyekuwa kitanda cha pili alikuwa na piko hadi kwenye ncha za vidole, ametoka arusini Eastleigh, wakamwekea chake kwenye ndewe ya sikio. Meno ya bandia nayo hutolewa.

Nilikuwa wa mwisho kwenye orodha. Njaa ilishanigeuza mkali, nikadhani ni mambo ya kujuana. Kumbe anayeshukiwa kuwa na TB huwekwa mwisho makusudi, ili chumba kipate muda wa kubadilishwa hewa na kusafishwa bila kumwambukiza anayefuata. Nilipoingia nikakuta wote wamevaa barakoa nzito, zile zinazobana pua hadi zinaacha alama. Moyo ulinishuka. Nilijiona nimeshahukumiwa. Wanavaa kwa sababu ukikohoa na mpira ndani unarusha vijidudu hewani, ikiwa unavyo. Ni kinga ya kazi, na hawavai kwa kuwa wameona jibu wanalokuficha. Sentensi moja tu mlangoni ingaliniondolea dakika mbaya kuliko zote za siku ile.

Mbaya kuliko zote, ukiondoa ya ganzi. Hii naieleza polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu hushika mikono ya madaktari wakataka kushuka kitandani. Wanakupulizia lidokeini puani na kooni. Ni chungu, uchungu wa kwinini unaokaa nyuma ya ulimi. Baada ya muda mfupi unataka kumeza mate na huhisi kama yameshuka. Koo linakuwa kama limevimba, kama kuna kitu kimesimama pale. Akili inapiga kelele kwamba hewa imekatika. Haijakatika. Koo halijavimba, limekufa ganzi tu, na hewa ambayo huihisi ikipita inapita. Daktari aliniambia, "Mama, vuta pumzi kwa pua, toa polepole, mate yaache yatoke, tutayafuta." Nikatazama namba kwenye skrini, oksijeni asilimia 97, nikaamua kuiamini namba kuliko koo langu.

Tulikubaliana ishara. Mpira ukishapita kati ya nyuzi za sauti huwezi kusema, kwa hiyo uliza kabla: nikizidiwa niinue mkono gani? Kama hawajakuambia, waulize wewe.

Kisha ikaingia dawa ya usingizi kwa mshipa. Si ile ya kulala kabisa. Unasinzia, unasikia sauti, unaitika ukiitwa, halafu nusu ya mambo unayasahau. Ninachokumbuka ni vipandevipande. Nilikohoa sana waliponyunyizia ganzi kwenye nyuzi za sauti kupitia mpira, na hilo ni la kawaida, wanalitarajia. Kisha walimimina maji ya chumvi ndani ya pafu wakayavuta tena kwa mashine, kuosha kile kisehemu chenye kivuli. Sikia vizuri: wanakumiminia maji mapafuni, na huzami. Ni kidogo kwa kila mara, mengine yanarudi, yanayobaki mwili unayanyonya. Walipochukua kipande sikuhisi uchungu, nilihisi kama kuvutwa tu, kwa sababu njia za hewa huko ndani hazihisi kukatwa jinsi ngozi inavyohisi. Wifi anasema nilikaa mle ndani kama nusu saa. Mimi ungaliniuliza ningalisema dakika tano.

Baadaye ndipo subira inapohitajika, maana umeamka, una njaa, na umekatazwa kula. Hadi ganzi iishe, kwa kawaida saa moja au mbili, ukimeza kitu kinaweza kwenda njia isiyo yake. Unajaribiwa kwa funda la maji kwanza. Chai ya moto ngoja, itakuunguza bila wewe kujua.

Sauti yangu ilikuwa ya mzee wa miaka themanini hadi kesho yake. Makohozi yalikuwa na michirizi ya damu, na jioni joto la mwili likapanda, nikameza panadol nikalala. Hayo yote nilikuwa nimeshatajiwa, kwa hiyo sikuhangaika. Ya kukurudisha hospitalini bila kungoja asubuhi ni damu nyingi, au inayoendelea bila kupungua, maumivu makali ya kifua, kukosa pumzi kuliko ulivyokuwa, au homa inayokataa kushuka baada ya siku nzima. Andika namba ya simu ya kupiga usiku kabla hujaondoka wodini. Ya mchana haikusaidii saa nane za usiku.

Usiende peke yako. Ile dawa ya kusinzia inakaa mwilini hadi kesho yake, na mtu anajiona mzima kabisa kumbe hayuko. Usiendeshe gari, usipande boda, na ile foleni ya matatu ya Ngong Road jioni isikukute umesinzia na mkoba mapajani. Wifi alininyang'anya simu. Nilibisha. Akanionyesha kwamba nilikuwa nimeanza kumtumia fundi wa bomba pesa kwa M-Pesa kwa kazi ambayo bado hajaifanya. Siku hiyo usisaini kitu, usitume kitu. Na kuhusu pesa, uliza ofisi ya malipo mapema SHA, ile bima ya afya ya serikali, inagharamia nini hasa kwenye hospitali hiyo na nini ni juu yako, kwa sababu kipimo ni bili moja na maabara yanaweza kuwa bili nyingine.

Majibu hayaji pamoja. Hili nalo lilinipata bila kujiandaa. Mashine ya GeneXpert inasoma maji yale kwa muda usiofika saa mbili. Kipande cha nyama kinakwenda kwa wataalamu wa patholojia, kinachukua siku. Kuotesha vijidudu vya TB kunaweza kufika wiki 6 au zaidi, maana vinakua taratibu kwelikweli. Kwa hiyo ukiambiwa "majibu yametoka", uliza ni yapi na yapi bado. Na uliza pia, kama hawajaona kitu, je, ina maana hakuna, au kamera haikufika penyewe? Wakati mwingine ni hilo la pili, na safari inaendelea kwa kipimo kingine.

Langu lilitoka kwenye yale maji ya kuosha: TB. Makohozi ya kikopo yalikuwa hayakuibeba, pafu lenyewe lilikuwa nayo. Nililia, na sijui kama kilikuwa kilio cha huzuni, kwa kuwa ugonjwa huu una dawa, za miezi 6, na kwenye vituo vya umma hapa Kenya zinatolewa bure. Nyumbani kwangu wote wameitwa kupimwa, akiwemo wifi ambaye analalamika kwamba yeye alikuja kunisindikiza tu. Jibu la kuotesha bado linangojwa, ili wajue dawa zote zinafanya kazi.

Nesi wa kliniki ya TB aliponipa vidonge vya kwanza alinikalisha chini akasema mkojo wangu utageuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, hata machozi yanaweza kugeuka, nisije nikakimbilia hospitali usiku. Kesho yake ukawa vilevile alivyosema. Nilisimama pale chooni nikacheka peke yangu, nikapiga mswaki, nikaenda kazini.