Programu zilianza kujifunga baada ya kuhamia Windows 11, na sikufomati

Fundi akikuambia "hii ni ya kufomati tu", yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kabla hajagusa hata kibodi, beba kompyuta yako uende zako. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu hapa Nakuru kufomati kumekuwa dawa ya kila ugonjwa, na anayebaki akitafuta faili zake na kununua programu zake upya ni mwenye mashine. Mimi nilikataa, nikatengeneza mwenyewe, na kazi ya wateja ikatoka. Naandika nilivyofanya ili mwingine asitoe elfu na mia tano zake bure.

Nina duka la uchapaji Kaptembwo, pamoja na huduma za saiba. Kadi za harusi, picha za pasipoti, vijitabu vya mazishi, na watu wanaokuja kwa mambo ya kodi ya KRA na huduma za serikali za eCitizen siku nzima. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba Windows 10 ingekoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambayo nywila za KRA za watu zinapitia humo haifai kuachwa wazi, kwa hiyo nilihama. Kompyuta yangu ni ya mtumba kutoka Uingereza, Core i5 ya kizazi cha 8, ina TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama ambacho Windows 11 hukidai, na Windows 11 ikaikubali bila mabishano. Niliiacha ifanye kazi yake usiku, asubuhi nikaikuta iko tayari.

Kisha nikafungua programu ninayopangia kurasa. Nembo yake ikatokea, ikakaa kidogo, ikatoweka. Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Nikarudia, ikatoweka tena. Programu ya kusafishia picha nayo vilevile. Ile ya kuandikia barua ilifunguka, lakini ukiita faili tu inaganda, halafu inajifunga.

Na ilikuwa Alhamisi. Wenye kazi hii wanajua Alhamisi ni siku gani: mazishi mengi ni Ijumaa na Jumamosi, na familia zote zinataka vijitabu siku moja. Nilikuwa na familia moja ya Subukia, kijitabu cha kurasa 16, nakala kama mia mbili, jalada la rangi. Mwana wa marehemu alikuwa amesimama mbele yangu, flashi ya picha mkononi. "Mama Njeri, gari linatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tutapata kweli?" Nikamwambia, "Mtapata, kijana wangu. Wacha hiyo flashi hapa."

Ushauri ulikuja mwingi. Jirani anayeuza vifaa vya simu aliniambia nisafishe diski, eti imejaa ndiyo maana. Ninamheshimu, lakini hapo nilimkatalia kabisa. Ukishahamia Windows 11, ile Windows ya zamani huwekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old, na una siku 10 za kurudi ulikotoka ukiona mambo yameharibika. Ukisafisha diski ukatia alama kwenye Windows ya awali, umejifungia mlango huo kwa mkono wako mwenyewe. Folda hiyo ni kubwa kweli, inakula gigabaiti nyingi. Iache mpaka uhakikishe kila programu yako inafanya kazi.

Fundi naye akapita. Aliangalia programu ikitoweka mara moja, akasema, "Hii mama ni kufomati. Elfu moja mia tano, jioni unaipata." Nikamuuliza ina shida gani hasa. "Windows mpya haipatani na programu za zamani." Lakini programu yangu si ya zamani, na walioitengeneza wameandika wazi kwamba inakubali Windows 11. Nikamuuliza tena kama anajua ni kitu gani ndani kinachoangusha programu. Akanijibu kwamba hiyo haiwezi kujulikana. Hapo ndipo tulipoachana, kwa sababu inajulikana. Kompyuta huandika kila programu inapoanguka, na huandika imeangukia wapi.

Kabla ya kufika huko nilikuwa nimeshaiondoa programu ya kurasa na kuiweka upya, jambo lililomaliza bando na nusu ya asubuhi. Ikatoweka vilevile. Nikaendesha sfc /scannow, amri inayokagua faili za Windows zenyewe. Ikamaliza na kusema haikupata kasoro yoyote. Hilo halikunivunja moyo, lilinipa habari: Windows ni nzima, programu ni mpya, na bado inaanguka. Kuna mtu wa tatu katikati.

Nikaanza kufungua kila kitu nilicho nacho na kutazama tu. Kikokotoo, kizima. Kivinjari, kizima, kurasa za eCitizen zinafunguka. Kicheza video, kizima. Programu ya kurasa, inakufa. Ya picha, inakufa. Ya barua, inakufa ukiita faili. Nikaandika orodha hiyo kwenye karatasi nikaikodolea macho. Zinazokufa ni zile zinazojali karatasi! Ni zile zinazotaka kujua ukurasa una upana gani na ukingo wake unaanzia wapi. Niliinuka kwenye kiti.

Sasa nikataka ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, ubonyeze Enter. Inakuja kalenda yenye duara jekundu la alama ya X kila siku ambayo kitu kilianguka. Kalenda yangu ilikuwa safi wiki nzima, halafu siku ile nyekundu tupu. Ukibofya tukio moja kuona maelezo ya kiufundi, tafuta mstari wa "Fault Module Name". Wengi husoma jina la programu wakaishia hapo, lakini jina la programu unalijua tayari. Unachotafuta ni jina la kile kipande kilichoiangusha. Kwangu, programu tatu tofauti, za kampuni tofauti, zilikuwa na kipande kimoja. Nikafungua eventvwr, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, nikaingia kwenye kumbukumbu za Application, nikatafuta makosa yenye namba 1000, kwa sababu huko huonyesha mpaka njia ya faili. Njia yenyewe ilianza hivi: C:\Windows\System32\spool\drivers\x64\3. Ukiona neno spool, uko kwenye nyumba ya printa.

Draiva ya printa, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa! Watu hudhani printa haiwezi kuua programu kabla hujachapisha kitu. Inaweza, na sababu ni hii: programu ya kurasa inapofunguka huuliza printa chaguomsingi, yaani ile inayotumika usipochagua nyingine, ina karatasi gani na kingo zipi, na sehemu ya draiva huingizwa ndani ya programu yenyewe ili ijibu. Draiva ikianguka, inaanguka ikiwa tumboni mwa programu, na zote mbili zinaenda. Draiva yangu ilitoka kwenye CD iliyokuja na printa miaka hiyo, na ilivuka kuingia Windows 11 bila kuguswa. Na tazama jambo hili: kama ningelifomati, fundi angeweka Windows, angeweka programu, kisha angechukua CD ileile na kurudisha draiva ileile. Ningelipa, na shida ingerudi jioni hiyohiyo.

Jaribio la kuthibitisha halikunigharimu shilingi. Kwenye mipangilio ya printa, zima kwanza ile ruhusa ya Windows kujichagulia printa chaguomsingi, la sivyo itakurudishia ileile uliyotumia mwisho. Halafu weka Microsoft Print to PDF iwe chaguomsingi. Hiyo si printa ya kushikika, inatengeneza faili tu, na draiva yake ni ya Windows wenyewe. Nikafungua programu ya kurasa. Nembo, sekunde chache, ukurasa mweupe mbele yangu. Nikafungua ya picha, ikaja. Ya barua, ikaja na faili lake. Msaidizi wangu alipiga makofi mpaka wateja wa foleni wakageuka.

Nikapanga kijitabu palepale, nikakihifadhi kama PDF, nikakihamishia kwenye laputopu ya msaidizi ambayo bado haijahama, nikachomeka printa huko. Printa ilikuwa nzima kabisa. Mzee alitoka vizuri kwenye jalada, na kofia yake ya manyoya, rangi haikupauka. Vijana wa familia walikunja na kupiga pini pamoja nasi, na kabla ya kufunga duka nakala zote zilikuwa kwenye katoni.

Kuiondoa draiva yenyewe nilikufanya siku iliyofuata kwa utulivu. Kufuta printa kwenye orodha hakutoshi, draiva inabaki imejificha, na ukichomeka kebo Windows inaichukua tena. Chomoa kebo. Bonyeza tena Windows na R, andika printui /s /t2, utaona orodha ya draiva zote, chagua ile mbaya, na ukiulizwa, sema iondolewe draiva pamoja na fungu lake lote. Huenda ikakukatalia ikisema inatumika. Hapo fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, kisha net start spooler, yaani unaizima na kuiwasha huduma ya uchapishaji, na mara tu ikiwaka rudi upesi uifute kabla programu yoyote haijaishika. Kisha pakua draiva mpya ya Windows 11 kwenye tovuti ya watengenezaji wa printa yako, na usichomeke kebo mpaka ikuambie. Yangu ilikula bando la shilingi mia hivi.

Kipande chako kinaweza kuwa kingine. Kikianza na MSVCP140 au VCRUNTIME140, weka upya Visual C++ Redistributable, fungu la Microsoft ambalo programu nyingi hulitegemea, ya x64 na ya x86, zote mbili. Kikianza na nv au ig, tazama draiva ya kadi ya picha. Ukiona ntdll.dll, usikimbilie kulaumu Windows, mara nyingi hapo ndipo mwili ulipookotwa tu. Soma matukio mengine ya karibu. Mwalimu mmoja mteja wangu, programu yake ya hesabu ilikuwa inataka .NET Framework 3.5 tu, fungu jingine la Microsoft ambalo programu za zamani hulitegemea, tukaiwasha kwenye orodha ya vipengele vya Windows akaenda zake.

Kitu kimoja sijakipatia suluhisho, nacho ni skana yangu ya zamani. Draiva yake inazuiwa na ulinzi wa kumbukumbu, ule unaoitwa Memory integrity, na watengenezaji hawajatoa nyingine. Nimeambiwa nizime ulinzi huo. Sizimi, kwa sababu ya zile nywila za watu. Vitambulisho sasa naviskani kwa laputopu ya msaidizi, na natafuta skana nyingine. Mwenye nayo inayokubali Windows 11 hapa Nakuru aniambie bei.