Kumbukumbu ya gemu yangu: usiku mvua ilipozima moto wa kambi

Wiki ya 11

Nimefuta matukio yote 34 niliyoyaandika kwa mkono kwenye gemu ninayoitengeneza. Jambazi aliyekuwa akichomoza nyuma ya jiwe kila mchezaji anapokaribia daraja hayupo tena. Mara ya kwanza alisisimua. Mara ya tatu mchezaji ameshajua jiwe lipi lina jambazi, na dunia nzima inageuka jukwaa linalomsubiri afike ndipo waigizaji waamke.

Sasa kila kitu kina kanuni zake ndogondogo. Mwongozo wangu ni gemu ya Breath of the Wild ya Nintendo (2017). Watengenezaji wake walieleza kanuni tatu: moto, maji, umeme na wenzake huweza kubadili hali ya vitu kama mbao na nyasi; huweza pia kubadilishana hali vyenyewe kwa vyenyewe; lakini kitu hakibadili hali ya kitu kingine. Basi. Walizijaribu kwanza kwenye kielelezo cha pande mbili, yaani picha bapa isiyo na kina, na mimi pande mbili zinanitosha kabisa.

Wiki ya 12

Moto umeteketeza ramani yote ndani ya dakika nne. Nimeongeza unyevu kwenye kila kigae cha ardhi. Umetulia.

Wiki ya 13

Hii lazima niiandike kabla sijasahau hata chembe.

Nilikuwa najaribu sauti za nyayo, nimemsimamisha mhusika wangu kando ya mto, usiku. Mvua ikaanza. Moto wa kambi ng'ambo ukafifia, ukazimika. Mbwa mwitu wawili, ambao kanuni yao ni kukaa mbali na mwanga, wakaanza kusogea. Mbuzi akawasikia, akakata mbio kuelekea darajani, akampiga kikumbo mchuuzi aliyekuwa akivuka. Kapu likaanguka mtoni, na maembe saba yakaelea mbele yangu, moja baada ya jingine.

Mkono wangu haukuwa umegusa kitufe. Wala hakuna mstari hata mmoja wa msimbo unaosema "mbuzi amwangushe mchuuzi". Nilikaa nikitazama yale maembe mpaka yakatoka kwenye skrini.

Wiki ya 14

Rafiki yangu amecheza dakika 40. Akafika kambini, akakuta majivu na hakuna mtu. "Kaka, hapa pana hitilafu, watu hawajatokea," akaniambia. Walikuwa wametokea sana! Walikimbia mbwa mwitu dakika mbili kabla hajafika.

Hili limeniuma, kwa sababu ni haki yake. Tukio ambalo mchezaji haoni chanzo chake halina tofauti na kitu kilichobahatishwa tu. Kwa hiyo wiki nzima nimefanya kazi ya alama: nyayo zinabaki kwenye tope, majivu mabichi yanatoa moshi, mbwa mwitu wanabweka kabla ya kushambulia, na anayekimbia huangusha alichobeba. Jana amerudi kucheza. Alikuta kiatu kimoja, akafuata nyayo hadi pangoni, akamkuta mchuuzi amejibanza humo. Aliniita kwa sauti nije nione.

Wiki ya 15

Kompyuta inaelemewa. Viumbe 200 wakifikiri kwa pamoja, picha zinakwamakwama. Nimeazima njia ya gemu ya S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl (2007): walio karibu na mchezaji wanaishi kikamilifu, walio mbali wanahesabiwa kwa ufupi tu, nani yuko wapi na nani kamshinda nani. Kurahisisha huko kunanikera kidogo, maana maembe hayaelei kwenye hesabu. Lakini ni afadhali kuliko viumbe kulala pale mchezaji asipokuwepo.

Kilichobaki: mbuzi bado anakwama kwenye nguzo ya daraja, na upepo haujui kuvuma upande mwingine zaidi ya mashariki. Naanza na mbuzi.