Nilishika pedi ya wino

Juzi nilikwenda ofisi ya mtaa hapa Uyole kuchukua barua ya utambulisho. Mtendaji alifungua pedi ya wino, akagonga muhuri, haukukolea, akagonga tena. Kabla hata hajanikabidhi karatasi, ile harufu ilikuwa imeshanifikia. Tulipotoka nje mwanangu akanivuta kitenge.

"Mama, mbona unanusa barua?"

Nikamwambia inanukia kama shangazi. Akacheka, maana shangazi anayemjua yeye ananukia moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Sikumweleza zaidi, daladala ilikuwa inaita. Lakini tangu siku hiyo sijatulia, na leo naandika.

Ilikuwa Juni 2011, niko kidato cha nne, nimerudi likizo kijijini kwetu Mufindi, mkoani Iringa. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kijiji tangu uchaguzi wa Oktoba 2009. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wanawake watatu kwenye baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba, na huko ndiko alikojifunzia sheria. Aliisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kama wengine wanavyosoma Zaburi: kidogo kidogo kila usiku, kidole kikifuata mstari. Mshahara hakuwa nao, mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara. Alikuwa na muhuri na kiti cha mbao, na watu walimgongea mlango saa yoyote.

Mwaka ule alikuja mtu anayetaka ardhi ya kupanda miti. Mufindi hilo si jambo geni, miti ndiyo sura yetu. Aliahidi madawati na barabara, akaahidi pia ajira kwa vijana. Baba zetu wengi walishakubali moyoni. Shida ilikuwa kwenye ramani aliyoleta. Eneo lote liliandikwa "ardhi isiyotumika", na ndani ya mstari wake mwekundu lilikuwamo bonde letu.

Kwa asiyetoka nyanda za juu: mvua zikiisha Mei, mlimani panakauka, lakini bondeni udongo unabaki na maji. Hapo akina mama hushuka na majembe, wakainua matuta, wakapanda mahindi, maharage, viazi na mboga, na kuanzia Septemba hivi wewe unakula mahindi mabichi wakati wengine ndiyo kwanza wanangoja mvua. Hivyo ndivyo vinyungu. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye kinyungu cha mama, na daftari, na nauli ya kwenda Mafinga. Juni bonde lile lilikuwa kijani kuliko mahali popote pa kijiji. Sijui aliyechora ramani alisimama wapi.

Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Hilo shangazi alilijua kwa kifungu. Usiku wa kuamkia mkutano aliniita, akawasha kandili, akafungua kaunta buku la mahudhurio ya mikutano iliyopita, ya miaka ya nyuma kabla hajachaguliwa.

"Mtafute mama yako."

Nikatafuta. Mama alikuwa haikosi mikutano. Nakumbuka akiondoka na mdogo wangu amefungwa vizuri mgongoni, kiti chake cha kigoda mkononi, na mara nyingine ndiye aliyepika chai ya wageni. Nilipekua kurasa mpaka macho yakaniuma na mwanga ule hafifu. Jina lake halikuwamo. Nililolikuta ni la baba, na mbele yake, kwa mwandiko mzuri wa mtendaji wa wakati huo: "na familia".

"Kwa hiyo mama hakuwepo?" nikauliza.

"Kwenye karatasi hakuwepo," shangazi akasema. "Na kinachokwenda wilayani ni karatasi."

Asubuhi ilikuwa baridi ya kwetu, ukungu umekaa mpaka kwenye magoli ya uwanja wa shule. Mgambo aligonga rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mti, watu wakaanza kujikusanya. Wanaume wakakalia mabenchi yaliyotolewa darasani, wazee wamejifunika migolole. Wanawake wakakaa kwenye nyasi chini ya milingoti, yaani mikaratusi, miguu wameinyoosha, watoto mapajani. Mpangilio ule hakuna aliyeupanga. Ulikuwa hivyo tu.

Kazi yangu ilikuwa kushika pedi ya wino. Shangazi alikuwa ametangaza kwamba hakuna ajenda itakayofunguliwa kabla kila mtu hajaandika jina lake mwenyewe na kuweka sahihi, na asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Baba mdogo mmoja akasimama. Alikuwa mtu wa heshima, mjumbe wa halmashauri, naye alizungumza kwa upole kabisa.

"Mwenyekiti, tutakesha. Majina ya kaya tunayo. Nyumba moja, jina moja, ndivyo tulivyozoea."

"Baba," shangazi akamjibu, "mchango tunahesabu kwa kaya. Mkutano mkuu tunahesabu kwa mtu."

Mtendaji, kijana aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Njombe, akasoma kwa sauti kwamba wajumbe wa mkutano mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Akarudia mara mbili. Halafu akanitazama mimi, nikaangalia chini. Nilikuwa na miaka 17.

Foleni ikaanza. Wanaume walimaliza upesi. Wanawake walisitasita, mmoja akimsukuma mwenzake, mpaka mama akanyanyuka. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, akatoka nje ya mstari, akarudi. Sikumwambia kitu wala yeye hakuniambia. Baada yake wakaja wengi. Wasiojua kuandika nilikuwa naongoza kidole: gusa pedi, inua, weka hapa. Pedi ilikauka katikati ya kazi, mtendaji akadondoshea maji kidogo, wino ukawa mwepesi na kuanza kunichuruzikia mkononi.

Ndipo akaja Bibi Mkunga. Hilo si jina lake, ni kazi yake. Nusu ya waliokaa pale walipita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao. Alikuja polepole, sweta la kiume juu ya kitenge, akanipa mkono wa kulia kama anayempa mganga.

Nikaushika. Sijawahi kushika mkono kama ule. Ulikuwa mwepesi na mkavu, na joto lake lilinishangaza kwenye baridi ile. Kidole gumba kilikuwa kipana, kucha imepasuka katikati, na upande wa ndani, pale sisi wengine tulipo na mistari, kilikuwa laini kabisa. Kiling'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nikakichovya kwenye wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa la zambarau, duara, halina kitu ndani. Nikajaribu tena pembeni. Doa lingine vilevile.

Mtu mmoja aliyesimama nyuma yangu akainama kuangalia. "Hiyo si alama," akasema. "Haina mistari. Kesho watasema tuligonga kizibo cha soda."

Watu wachache wakacheka. Bibi hakucheka. Aliutazama ule ukurasa, kisha akaanza kuuvuta mkono wake, pole pole, kama mtu aliyeambiwa amekosea mlango. Mimi nikawa sijui nifanye nini. Niliuachia.

Shangazi akanyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande ili awe chini ya Bibi, akasema, "Kamwene, Bibi," kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili. Akakifuta kidole kwa pindo la kanga yake, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga. Akakikagua kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akakilaza ubavu kwenye pedi, akakiviringisha kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na kwenye karatasi akafanya hivyo hivyo, bila haraka, wote tumenyamaza. Nilisikia mtoto akinyonya.

Alipokiinua, katikati palikuwa pale pale, doa tupu. Lakini pembeni kabisa, karibu na kucha, jembe lilikuwa halijafika. Mistari ilikuwapo. Myembamba, imepinda kufuata ukingo wa doa, minne au mitano, kama matuta ya kinyungu ukiyatazama kutoka mlimani.

Bibi akainama akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

"Mbona mdogo hivyo."

Shangazi hakujibu. Mbele ya alama ile aliandika jina kamili la Bibi, majina matatu, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia lote. Akarudi kwenye kiti chake na magoti yake yakiwa na unyevu, akafungua ajenda.

Mengine niyapitie haraka. Majadiliano yalichukua mpaka jua likageuka. Mwombaji alizungumza vizuri na watu walimsikiliza kwa adabu. Mtu akapendekeza tuamue kwa sauti, wa ndiyo waseme ndiyo, kama Bungeni. Siku zile hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa shangazi, maana Novemba ya mwaka uliotangulia Anne Makinda, binti wa Njombe, alikuwa amechaguliwa kuwa Spika mwanamke wa kwanza wa Tanzania, naye shangazi alikuwa hakosi kumsikiliza redioni. Lakini alikataa. Alisema sauti za wanaume ni nene, mikono yote ina unene mmoja, tunyooshe mikono. Mtendaji akahesabu, mgambo akahesabu, wakalinganisha. Bonde likabaki. Habari ya mlima ikaahirishwa, na yule mwombaji hakurudi tena.

Ningependa kuishia hapo, na kwa miaka kadhaa niliisimulia hivyo. Lakini Desemba 2014 shangazi alishindwa uchaguzi. Walisema amefukuza maendeleo, na kwa kweli madawati yale hayakuja. Taratibu watu wakaanza kuuza vipande vyao wenyewe vya mlimani, mmoja mmoja, kwa wanunuzi kutoka mjini, na hilo halikuhitaji mkutano wa aina ile. Milingoti ikapandwa mpaka karibu na chemchemi. Maji ya bondeni yakapungua. Kisha yakaja makatazo ya vinyungu, kwamba hakuna kulima ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Niliporudi kusalimia, baadhi ya matuta ya mama yalikuwa yameota majani. Nilitegemea shangazi atakasirika. Akasema mita 60 ni sheria, ni ya 2004, na maji nayo lazima yawe na mtu wa kuyasemea. Halafu akakaa kimya sana, akachambua maharage.

Sijui siku ile tulishinda nini hasa. Nikijibu kwamba ni bonde, nakumbuka yale majani. Nikijibu kwamba ni majina kwenye kitabu, nakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa 2019 wanawake walikuwa takriban wawili tu katika kila wenyeviti 100 wa vijiji, katika nchi yenye vijiji zaidi ya elfu 12. Wawili. Kuanzia 2022 hadi 2025 Spika alikuwa mwanamke wa hapa hapa Mbeya, na Rais ni mwanamke, nami nafurahi kwa moyo wote. Lakini pale chini, penye pedi ya wino na kaunta buku, sioni shangazi wengi. Naona akina mama wengi wanaopika chai ya mkutano.

Na mimi? Siku ile nilirudi nyumbani na kidole gumba cha zambarau, rangi ilikaa karibu wiki nzima, na jina langu halikuwamo kwenye kitabu kwa sababu ya mwaka mmoja. Nililia kwa hilo, nakumbuka. Nikajiapia kwamba nikifika 18 hautanipita mkutano hata mmoja. Sasa nimeishi Uyole mwaka wa sita. Juzi, pale ofisini, nyuma ya kiti cha mtendaji kulikuwa na tangazo la mkutano wa mtaa, Jumapili saa 9 alasiri, ajenda ya kwanza mapato na matumizi. Nilikuwa sijui hata mikutano hiyo hufanyikia wapi.

Jana usiku nikampigia shangazi. Nikamsalimia, "Shikamoo shangazi," akaitikia, akauliza habari za mtoto, habari za baridi, bei ya viazi Mbeya. Nikamwambia nimekumbuka siku ya Bibi Mkunga. Akacheka kidogo, akasema Bibi alizikwa na watu wengi mno. Halafu akaniuliza:

"Huko mjini mikutano mnafanya?"

"Tunafanya, shangazi."

"Mnaandika majina?"

Nikasema nitamwambia Jumapili jioni.