Ukakasi wa Barolo

Funda la kwanza la Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, nilidhani limetoka kwenye chupa iliyoharibika. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2016, kijijini La Morra, kaskazini-magharibi mwa Italia. Mimi ni mtoto wa Mpunguzi, Dodoma. Baba yangu amelima zabibu za Makutupora tangu sijazaliwa, kwa hiyo nilikwenda huko nikijiona mjuzi. Mwenzangu, kijana wa Bukoba niliyekuwa nikisoma naye Torino, alijua rubisi tu, pombe ya ndizi ya kwao, na hakuona aibu kusema.

Tulipanda treni hadi Alba, kisha basi lililojikongoja mlimani. Tulikuwa tumeambiwa kwamba ukisimama kwenye uwanja wa juu wa La Morra unaona vijiji na mashamba ya Barolo yametandazwa chini yako. Hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, mzito kama uji. Wenyewe huuita nebbia, na wengi husema ndiko zabibu yao, nebbiolo, ilikopata jina, maana huchelewa kuiva hadi ukungu unaanza kushuka. Wavunaji tuliwasikia wakiitana, sura zao hatukuziona.

Nyumba tuliyoelekezwa kuonja mvinyo ilikuwa ya familia moja ya wakulima. Mama mmoja wa umri wa shangazi yangu, vidole vimeingia rangi ya zabibu hadi kwenye kucha, akatukalisha mezani. Tulimwita signora, ila mwenzangu alikuwa akijisahau anasema "mama", na yeye hakukataa. Pembeni ya glasi kulikuwa na ndoo ndogo ya bati. Nikajua ni ya barafu. Kumbe ya kutemea.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtu mzima amekumiminia kinywaji kwa mkono wake, anakutazama usoni, halafu uteme? Mpunguzi ningechapwa. Tukatazamana, tukameza. Tukameza kila alichotumiminia, na kila tukimeza naye akaongeza.

Alianza na mvinyo wa Dolcetto. Jina lake ni kama kusema "katamu", lakini sukari hamna, ni mkavu. Ikafuata Barbera, yenye uchachu wa ukwaju, nami nikaipenda papo hapo. Kisha Barolo ya 2012. Nilitegemea rangi ya damu ya mzee. Nikaona chai ya rangi, tena iliyolala, ukingoni mwa glasi ikielekea kwenye kutu. Harufu yake ilikuwa ya maua ya waridi, na nyuma ya waridi kulikuwa na lami, ile ya barabara inayotengenezwa. Nikanywa. Ulimi ukanata kwenye kaakaa, fizi zikakauka, meno kama yamepakwa vumbi.

"Vipi?" signora akauliza.

Nikatafuta Kiitaliano, hakuna. Mwenzangu akaweka glasi chini taratibu. "Ukakasi," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. "Ndugu yangu, hii ni ndizi mbichi kabisa."

Signora akataka tulirudie hilo neno. Akalijaribu mara tatu, akaishia "ukakazi". Kisha akakata kipande cha jibini, akatuonyesha kwa ishara tule kwanza, ndipo tunywe. Ule ukakasi ukalainika, ukawa kitu cha kutafunwa pamoja na jibini. Akatumiminia nyingine, ya Serralunga, kijiji cha ng'ambo kule, na hiyo ilibana taya zaidi. Signora akacheka kabla hatujasema lolote.

Akatushusha ghalani, kwenye mapipa ya mwaloni marefu kuliko mimi. Sheria yao ni kwamba Barolo isiuzwe kabla ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo ikae kwenye mapipa ya mti. Zabibu walizokuwa wakivuna siku ile zingeuzwa 2020. Nikamwambia kwetu baba huvuna mara mbili kwa mwaka. Akasimama. "Mara mbili?" Akamwita mwanawe wa kiume, wakasemezana kwa lahaja yao, kisha akanigeukia uso umekunjana: sasa mizabibu inalala lini?

"Hailali, signora. Tunaipogoa, inaanza upya."

"Poverine," akasema. Maskini. Aliihurumia mizabibu, siyo baba.

Kutoka pale tuliteremka kwa miguu hadi kijiji cha Barolo chenyewe, na sikumbuki mengi ya njia hiyo isipokuwa kwamba mwenzangu alikuwa akiimba. Ile ndoo ilikuwa na sababu yake.

Jioni nikampigia baba simu. Nikamweleza mapipa, miezi 38, na bei ya chupa moja. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Wanavuna mara moja kwa mwaka?"

"Mara moja, baba."

"Halafu wanaufungia zaidi ya miaka mitatu?"

"Ndiyo."

"Na hao watoto wao," akauliza, "ada walikuwa wanalipiwa na nini?"